Chumvi, Mkaa na Nondo ya Shaba

Jumanne, 1 Oktoba

Naandika kwa sababu nikisema nitatukana, na mjane akitukana uani kwa watu hana wa kumtetea. Humu nitatukana nipendavyo.

Bajaji yangu imefika leo kutoka Dar, juu ya fuso, imefungwa kamba kama ng'ombe wa sikukuu. Ni ya umeme. Haina tanki, haina moshi, na ukiiwasha haisemi kitu. Mama mkwe aliizunguka, akainama kuchungulia chini yake, akauliza, "Injini yake wameisahau Dar?" Tulicheka mpaka akashika kiuno. Tangu mume wangu Abdulrahmani afariki hatujacheka hivyo sisi wawili.

Shemeji Hussen hakucheka. Alisimama mlangoni kwake, nyumba ya pili kwenye uwanja huu huu, mswaki mdomoni.

"Sasa shemeji, hiyo utaichaji wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Hilo ndilo swali lake tangu nitoke eda. Kiwanja walipewa na baba yao, hilo sikatai. Lakini nyumba tuliijenga mimi na kaka yake, na maji ya kufyatulia matofali nilibeba kwa kichwa hiki. Mtoto tuliyejaliwa ni Warda peke yake, na Warda ameolewa Lindi. Basi Hussen anasema nyumba ya ukoo haiwezi kukaliwa na mgeni. Mgeni! Nimeuguza watu wao, nimeosha maiti za watu wao, leo mgeni.

Hii bajaji ndiyo jembe langu. Nitabeba wajawazito kuwapeleka kituo cha afya, nitabeba walimu, nitabeba magunia. Lakini haina maana bila ukuta wa kuichomeka, na ukuta nilionao ni huu anaoutaka Hussen.

Alhamisi, 3 Oktoba

Walioniuzia wamepiga simu. Kisanduku cha kuchajia lazima kifungwe na fundi mwenye leseni, la sivyo betri ikiharibika hawahusiki.

Dominick, fundi wetu wa redio na feni hapa Tingi, amenuna kusikia hivyo. "Dada Shamimu, unatafuta fundi wa mbali kwa kuchomeka waya? Mimi nakupitishia dirishani sasa hivi." Dominick ni mtu mzuri, ila nyumba ya mwisho aliyofunga taa, ukiwasha ya chumbani inawaka ya chooni.

Nimempata mwenye leseni. Anaitwa Klementi, mtu wa Njinjo, anakaa Kilwa Masoko. Ameahidi Jumatatu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Hakuja.

Jumanne, 8 Oktoba

Hakuja. Simu inaita, haipokelewi. Kumbe leseni inaruhusu na hilo.

Jumatano, 9 Oktoba

Amekuja saa sita mchana, miwani ya jua usoni, leseni imening'inia shingoni kama medali ya mbio. Hakuniomba radhi. Ananiita "bosi". Alipanda darini na tochi, akashuka na vumbi, akacheka.

"Bosi, huu si umeme, huu ni mtego wa panya. Nani alifunga?"

"Marehemu mume wangu."

Akavua miwani, akasema pole. Kisha akairudisha, akasema tena ni mtego wa panya.

Anasema atavuta waya mpya mnene kutoka kwenye mita mpaka ukutani, na swichi yake peke yake ya kujizima, na lazima aweke ethi. Nikauliza ethi ni nini. Ni nondo ya shaba inayopigwa ardhini na kuunganishwa waya. Umeme ukitoroka mahali unapotakiwa kukaa, unatafuta njia ya kushuka chini, na usipopewa njia unapita kwa mtu. Nikamwambia soketi yangu ya sebuleni haina ethi na sijafa. Akasema, "Bado."

Nilitaka kumfukuza. Nimemwacha kwa sababu ya ile dhamana ya betri, si kwa sababu nampenda.

Ijumaa, 11 Oktoba

Korosho zimeanza kuanguka kwa wingi. Uwanja mzima unanuka mabibo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Klementi ametoboa ukuta wa mbele na kufunga kisanduku. Mashine ya kutobolea ilipolia, Hussen alikuja mbio kama ameitiwa msiba.

"Nyumba ya ukoo haitobolewi ukuta kabla ukoo haujakaa."

"Lilipovuja bati masika," nikamwambia, "ukoo ulikaa wapi? Mbona nilipanda mwenyewe?"

Alinitazama, akatema mate pembeni, akaondoka. Mama mkwe yeye anaishi chumba chake cha uani, katikati ya nyumba zetu mbili. Alikuwa anachambua kisamvu, akasikia yote. Hakusema kitu. Na mimi hilo liliniuma. Hussen mtoto wake wa kumzaa, najua, lakini hata kukohoa tu?

Jumatano, 16 Oktoba

Nondo imepigwa nyuma ya nyumba, pembeni mwa ukuta. Klementi amepima na mashine yake, akakunja uso. Ardhi imekauka, haipokei umeme. Inabidi achimbe shimo kuizunguka ile nondo, ajaze chumvi na mkaa, amwagie maji, afukie. Chumvi na mkaa vinashika unyevu, na umeme unapenda unyevu. Nimemwambia anifanyie lolote bora amalize.

Atamaliza kesho asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Mimi kesho sipo, naenda Miteja kuokota korosho kabla wezi hawajaniokotea. Ufunguo nimemwachia mama mkwe.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimerudi, taa ya kijani inawaka kwenye kisanduku! Nimesimama mbele yake kama mtu aliyeletewa mjukuu.

Nimempigia Klementi. "Kazi imeisha, bosi. Chumvi na mkaa nilisahau kuja navyo, lakini nimepewa hapo jirani. Mwanaume mmoja mkarimu sana." Nimemkaripia kwa kuomba omba vitu kwa watu kwa jina langu. Nikajiuliza ni nani huyo mkarimu. Mkarimu, basi si Hussen.

Jumamosi, 19 Oktoba

Safari yangu ya kwanza ya kulipwa! Nimempeleka Bi Fauzia kliniki, yule mwalimu wa darasa la kwanza, mimba yake kubwa. Anasema imetulia kuliko kitanda cha kwao. Jioni nimechaji. Kijani.

Jumapili, 20 Oktoba

Nyekundu.

Nimezima, nimewasha. Nyekundu. Nimechomoa, nimepangusa, nimesoma bismillahi, nimechomeka. Nyekundu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Klementi yuko Liwale, ana kazi ya shule nzima huko. Anasema kisanduku kikikosa ethi kinakataa kutoa umeme, kimetengenezwa hivyo ili kisiue mtu.

"Ethi si umeweka wewe?"

"Niliweka, bosi. Nilipima. Ilikuwa safi."

"Safi ya siku mbili?"

"Nikirudi nakuja kuangalia."

"Lini?"

Simu ikakatika. Ikakatika yenyewe, au akaikata. Medali shingoni, kazi hewa! Nilijua tangu ile miwani.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nyekundu. Betri imebaki kidogo, naitunza kama maji ya jangwani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nyekundu. Hussen ameuliza kwa sauti ya upole, "Shemeji, chombo kimelala?" Nimemjibu kimelala lakini hakijafa, tofauti na watu fulani wanaotembea.

Mama mkwe naye simwelewi. Kila alfajiri yuko nyuma ya nyumba yangu na ufagio, anafagia mahali pasipo na taka. Kisha anakuja mlangoni. "Mama Warda, umelalaje? Kichwa hakikuumi? Hujaota vibaya?" Juzi kaniletea habasoda ninywe. Jana kanishika mkono akaugeuza geuza kama anasoma kitu kwenye kiganja. Nimemuuliza, "Mama, mimi mgonjwa?" Akasema hapana, akaondoka. Hili ndilo nililobakiwa nalo, kunuswanuswa. Uliposhambuliwa ukuta wangu alikaa kimya, leo ananipa habasoda.

Jumamosi, 2 Novemba

Nyekundu. Bajaji imeisha moto kabisa. Kuanzia leo ni kibanda cha kuku.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Bi Fauzia ameshikwa na uchungu asubuhi. Mumewe alikuja kwangu mbio, mimi ndiye niliyemwahidi. "Shamimu, toa bajaji." Nitoe nini? Kuku wametaga ndani yake. Akampakia mkewe kwenye pikipiki, katikati, mwanamke amemshika dereva huku analia. Hawakufika. Amejifungulia pembeni mwa barabara, juu ya khanga za wapita njia. Mtoto mzima, mama mzima, alhamdulillahi, lakini kama asingekuwa mzima? Ningemwambia nini yule mwanaume, kwamba taa ilikuwa nyekundu?

Nimempigia Klementi nikamwambia yote niliyokuwa naandika humu, bila kupunguza. Alisikiliza. Akasema, "Mama, nakuja wiki ijayo, naapa. Usimruhusu mtu mwingine aguse." Ni mara ya kwanza kuniita mama. Haijanisaidia kitu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nimevumilia mpaka zimeoza mtini. Nimemwita Dominick. Amepitisha waya dirishani kutoka sebuleni, akakiruka kile kisanduku, akafunga moja kwa moja. Inachaji! Mwanaume hana leseni wala miwani, na inachaji.

Jumanne, 12 Novemba

Mkono wa kulia unatetemeka, naandika vibaya.

Leo imenyesha mvua ya kwanza, ya ghafla, ya kuharibu korosho za watu zilizoanikwa. Nilitoka mbio peku kufunika bajaji na turubai ikiwa bado inachaji. Niliposhika bomba lake la pembeni, sikuweza kuliachia. Sijui niseme nini kingine. Nilitaka kuachia na mkono haukutaka. Meno yaligongana, nikasikia sauti inalia na sikujua ni yangu. Mama mkwe alitoka na mchi wa kutwangia, akaupiga ule waya ukang'oka dirishani, nikaanguka matopeni.

Alinikumbatia pale pale kwenye mvua. Alikuwa anasema, "Nilidhani nimekitoa chote. Nilidhani nimekitoa chote." Sikumwelewa. Nilidhani hofu imemchanganya.

Watu walijaa. Hussen alikuja chini ya mwavuli. Hakunisaidia kuinuka. Alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwenye kufuga nyoka, humgeuka mwenyewe." Sikuelewa na yeye. Leo kila mtu anaongea kwa mafumbo isipokuwa mimi ninayetaka tu kuchaji bajaji.

Dominick amekuja kulia. Nimemwambia arudi kwenye redio zake.

Jumamosi, 16 Novemba

Nianze mwanzo, taratibu, maana nikiharakisha nitachana karatasi.

Klementi amekuja asubuhi kutoka Liwale moja kwa moja, hata nguo hajabadilisha. Amepima kwenye kisanduku, akasema hakuna ethi kabisa. Tukaenda nyuma. Akachimba. Ikatoka chumvi imeganda, ukatoka mkaa. Nondo hakuna. Waya umekatwa chini ya udongo, mkato wa panga, pa! mara moja.

"Bosi, mtu amechukua nondo yangu."

Alisema ni nondo yake ya umeme, ethi, aliizika yeye mwenyewe kwa chumvi na mkaa ili udongo ushike unyevu. Alirudia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa namtazama kama mwizi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliziba mdomo na khanga, akaingia ndani, akafunga.

Nilifikiri wezi wa shaba. Klementi alipanda pikipiki kwenda Nangurukuru kutafuta nondo nyingine, akaacha shimo wazi. Hapo ndipo alipokosea, na mimi pia, kwa kumwacha aende. Maana hakupita muda, Hussen akaja nyuma ya nyumba akakuta shimo, chumvi nyeupe na mkaa mweusi vimelala juu ya udongo mwekundu. Akaita watu.

"Njooni muone! Njooni muone zindiko la huyu mwanamke!"

Zindiko. Kwamba nimezika dawa kwenye kona ya nyumba ili ukoo wa marehemu usiweze kuikanyaga. Kwamba ndiyo dawa iliyonitupa matopeni Jumanne. Kwamba, na hili alilisema akinyoosha kidole kwangu, pengine kaka yake naye hakufa kwa ugonjwa wa ini.

Nilimrukia. Walinishika. Nilimwita majina ambayo hata humu sitaandika, na ninajua hayo majina ndiyo yatakayosimuliwa, si maneno yake. Nilisema ni ya umeme, ni ethi, muulizeni fundi. Mwanamke mmoja niliyemzalisha watoto wawili akasema, "Umeme unakula chumvi, Shamimu?" Watu wakacheka.

Klementi aliporudi na nondo mpya alikuta watu wameshika mawe. Akageuza pikipiki. Simlaumu. Nilimlaumu kwa yote mengine lakini kwa hilo simlaumu.

Jumatatu, 18 Novemba

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Leo dukani nimepokea salamu kwa mbali, kama mtu mwenye surua.

Jumatano, 20 Novemba

Ukoo utakaa Jumapili. Hussen anataka nitoke kwenye nyumba kabla mvua hazijakolea. Mama mkwe hali, hatoki. Nimempelekea uji, ameupokea kupitia upenyo wa mlango. Nilimwambia, "Mama, na wewe unaamini?" Akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Nangoja mtu aje aniambie kitu." Nangoja mtu! Mimi natolewa nje ya nyumba na yeye anangoja mtu.

Jumapili, 24 Novemba

Tulikaa barazani kwa Hussen baada ya adhuhuri. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mimi kwenye kipande cha mkeka peke yangu. Mkubwa wa ukoo ni Mzee Abdala, baba yao mdogo. Ana ugoro na hasikii vizuri sikio la kushoto, na Hussen alihakikisha nimekaa kushoto.

Hussen alisema vizuri. Sikutegemea angesema vizuri hivyo. Alisema ananiheshimu, nimemuuguza kaka yake. Alisema yeye hataki ugomvi, anataka tu amani ya ukoo, lakini nani atakaa karibu na nyumba iliyozindikwa? Watoto wake wanacheza pale. Mke wake anaogopa kuchota maji. Akamwaga mbele ya Mzee Abdala mfuko aliouokota shimoni: chumvi na mkaa.

Nilieleza. Nilieleza ethi mpaka nikakaukiwa mate. Niliambiwa nipunguze sauti. Nikasema fundi yuko kwenye simu, amepokea, anasubiri, muulizeni yeye mwenye leseni.

Mzee Abdala alipiga chafya. "Ukoo hauongei na simu," akasema. "Mtu akitaka kusema na ukoo, aje na miguu."

"Akija na miguu mtampiga mawe!"

"Shamimu, sauti."

Nikajua yamekwisha. Nilianza kuhesabu kichwani vitu vya kubeba, nikafika kwenye kitanda nikashindwa, kwa sababu kitanda kilijengewa mle mle chumbani na hakipiti mlangoni.

Hapo mama mkwe aliinuka. Alikuwa ameshika kitu kirefu kimefungwa kaniki. Hakwenda kwa Mzee Abdala. Alikwenda akasimama mbele ya Hussen.

"Hussen mwanangu. Hii chumvi ilitoka wapi?"

"Mimi nitajuaje, mama? Muulize mwenyewe."

"Na mkaa?"

"Mama, keti, utachoka."

"Nimekuuliza mkaa."

"Sijui mkaa ulikotoka."

Akafungua kaniki. Ilikuwa nondo ya Klementi, na kipande cha waya bado kinaning'inia. Watu walirudi nyuma kana kwamba ni chatu.

"Alhamisi ile Shamimu alipokwenda Miteja," akasema mama mkwe, "nilikuwa nimetoka kutawadha. Nilimwona yule kijana wa miwani amesimama mlangoni kwako. Ulimpa mkaa kwenye kiroba, ukaingia ndani ukamtolea pakiti ya chumvi. Mkacheka. Kisha akaenda kona ya nyumba ya mwenzako akachimba, akavitia, na hii shaba katikati. Mimi nikasema, ewe Mola, mwanangu amemnunua fundi wa watu ili amfukie mjane wa ndugu yake. Nikachimba alfajiri mbili na jembe langu. Nikaukata waya wake na panga. Sikumwambia Shamimu, kwa sababu ningemwambia ningekuwa nimesema nimezaa mchawi. Nikakuficha, Hussen. Nikakaa na hiki kitu juu ya kitanda changu, silali, ili nikufiche wewe."

Nilikumbuka ufagio wa alfajiri na habasoda, nikataka ardhi inimeze.

Mzee Abdala alikuwa amegeuza sikio la kulia. "Basi aliyezindika ni Hussen?"

"Hapana!" Hussen aliruka kitini. "Wallahi hapana, baba! Mimi na uchawi wapi na wapi? Yule kijana aliniambia ni ya umeme! Alisema ardhi imekauka, anataka chumvi na mkaa vya kuwekea ile nondo. Nikampa tu kwa wema! Ni ya umeme, muulizeni!"

"Kumbe ulijua," akasema Mzee Abdala.

Hussen alitafuta kiti chake kwa mkono. Akaketi.

Mama mkwe alikuwa anaifunga tena ile nondo kwenye kaniki, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. "Jumamosi fundi aliposema ni ya umeme, nilisikia nikiwa mlangoni," akasema, na sasa hakuwa anaongea na yeyote. "Nilifurahi sana. Nikaingia ndani nikasujudu. Nikasema mwanangu si mchawi, nimemdhania vibaya, atakuja aniambie, mama, chumvi nilitoa mimi, watu wasimsingizie shemeji. Nimengoja siku zote hizi." Akamtazama. "Afadhali nilivyokudhania mwanzo."

Hakuna aliyesema kikao kimefungwa. Watu waliondoka mmoja mmoja, wanatazama viatu vyao. Mzee Abdala alinipita akasema nyumba ni yangu, nisisumbuliwe, kana kwamba ananirudishia kitu alichokiazima. Hakuna aliyeniomba radhi. Hata mmoja. Yule wa "umeme unakula chumvi" aliniuliza kesho nitakuwa na nafasi ya kumpeleka mashineni.

Jumanne, 26 Novemba

Klementi alikuja leo na miguu, yaani na pikipiki. Sikumwomba radhi kwa niliyomsema, kwa sababu zile siku mbili za mwanzo ni kweli hakuja. Nilimpikia wali kwa kuku. Alikula sahani mbili, nadhani tumeelewana.

Mama mkwe alitaka ile ile nondo irudishwe, si mpya. Chumvi alileta yake, mkaa alileta wake, akamwaga shimoni kwa mkono wake huku Klementi anapiga nyundo. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji. Majirani walikuwa wengi, wote ghafla wanapenda kujua umeme.

Tukiwa hapo Hussen akatokea kwenye kona. Amenyoa, amevaa kanzu. Sikuwa nimemwona tangu Jumapili. Watu walimpisha, akaja mpaka ukingo wa shimo, akaunganisha mikono mbele.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe alikuwa anashindilia udongo kwa kisigino. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mama."

Klementi aliacha kupiga. Nimemwombea huyu mwanaume aibu kila siku ya Mungu tangu nitoke eda, kwa maneno ya wazi, kwa jina lake kamili. Nilikuwa na haki ya kufurahi na niliitaka furaha yangu. Badala yake nilijikuta namtazama mama mkwe, nasema moyoni, itikia, mama, itikia tu, neno moja. Niliona kisigino chake kimesita juu ya udongo. Nilikasirika upya, kwa sababu Hussen kamfanya mwanamke huyu afike mahali pa kulimeza neno hilo.

Mama mkwe alichukua ndoo mikononi mwangu akamkabidhi Klementi.

"Mwanangu," akamwambia fundi, "ongeza maji."

Hussen akageuka, akarudi kwake.